Kwa Asukulu, Winga wa Kushoto

Fomu ile ilikuwa na majina sita.
Langu la tatu, chini ya mama,
nami nimeshaolewa na Ruhomvya, Mha wa Kibirizi,
mimba ya miezi minne chini ya kanga.
Karani wa Nyarugusu akachukua rula,
akanikata kwa mstari mmoja, umenyooka vizuri.
Wewe ulikuwa na miaka sita. Ulililia kandambili
iliyobaki kwenye matope. Mimi hukunililia.

Nauza barafu.
Mapande yanashushwa alfajiri, nayafunika kwa gunia na pumba za mbao,
nayapasua kwa shoka kabla mwalo haujapata joto.
Wavuvi hunikopa.
Migebuka haikopi mtu, inaoza.

Ulipopiga kusema umesajiliwa,
kwamba watakulipa mshahara ukimbie juu ya barafu
na visu miguuni na gongo mkononi,
nikamwambia Ruhomvya, huyu mtoto amelewa.
Gongo! Kwetu gongo hunywewa,
nalo pia huangusha wanaume.

Ukatuma picha. Kofia ngumu kwapani,
meno mawili ya mbele hayapo.
Jino lako la kwanza nililing'oa mimi, kwa uzi wa nyavu,
tukalirusha juu ya turubai ili lingine liote.
Haya mawili ameyang'oa beki mmoja wa Kalgari,
na sidhani kama kuna aliyeyarusha popote.

Kisha wakakuuza.
"Wameniuza," ulisema, kama mtu anayesema mvua imenyesha.
Begi mbili, ndege ya usiku, mji mwingine wenye theluji ileile.
Nikauliza, kwa kiasi gani?
Ukasema, kwa kipa mmoja na ahadi.
Asukulu, hata dagaa hapa
hupimwa kwa ndoo, mwenyewe akiwa amesimama.

Marisa alikuvumilia miaka minne.
Nilimwona kwenye simu, anajaribu kusema shikamoo
kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki,
nyuma yake wewe kochini, mguu kwenye ndoo ya barafu.
Sikumlaumu. Sikukulaumu na wewe.
Mtoto wenu mlimpa jina langu, Faida,
na hakimu akamgawa: wikendi mbili kila mwezi.
Faida hugawanywa, ndivyo biashara ilivyo,
lakini usiku ule sikula.

Vile viatu ulivyomtumia mpwa wako Kilontsi
tulivishangaa wiki nzima.
Alivivaa akazama mchangani hadi vifundoni,
watoto wa Katonga wakaja kutazama.
Halafu Ruhomvya akafungua skrubu.
Ule upanga wa chini unaparua magamba ya kuhe
kuliko kisu chochote cha sokoni.
Nilikuficha hili. Leo nakuambia.

Siku hizi unapiga saa moja asubuhi,
kwako ni usiku na hulali.
Daktari amesema kichwa kisigongwe tena.
Miaka thelathini na moja, basi, wamekupa saa ya mkononi
na makofi ya watu waliosimama.
Unaniuliza: baba alizikwa upande gani wa kambi?
Nakujibu, nyuma ya bomba la zoni ya nne.
Unaniuliza tena.
Nakujibu, nyuma ya bomba.
Mara ya tatu naongeza mti ambao haupo,
ili angalau tuwe na kitu kipya.

Jana ukaniomba niisogeze simu kwenye pande la barafu.
Nikaisogeza. Nikapiga shoka.
Ulinyamaza muda mrefu nikadhani salio limekwisha,
kisha ukauliza bei.
Mia tano kipande, nikasema, kwa ndugu pia.
"Ghali," ukasema,
na neno likapita kwenye ule mwanya likapiga mluzi.

Akaja mama mmoja na beseni.
Simu sikuikata. Nilikulaza juu ya gunia,
ukasikiliza nilivyopunjwa.